Tuliitisha meetup ya kompyuta Busia, watu wakaja kuomboleza

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Nitakayosimulia yalitokea mbele ya macho yangu, na baadhi ya waliokuwepo wamo humu ndani. Nikiongeza chumvi watanisuta.

Mimi ni fundi wa network. Kazi yangu kubwa iko Malaba, kwenye ofisi za clearing zinazopitisha mizigo mpakani, lakini nakaa Busia. Jumamosi huwa naendesha klabu ya kompyuta: wanafunzi wa sekondari, wa chuo, na yeyote anayetaka kuja. Hakuna kiingilio. Kwenye poster tunaandika "Wazi kwa wote".

Kwa muda mrefu hao wote walikuwa watu wachache na mbwa wa jirani.

Shida yetu ilikuwa mahali. Ukumbi wa kanisa tulinyimwa baada ya kuzima stima ya kanisa lote katikati ya mazoezi ya kwaya. Cyber tuliyohamia ikafungwa, sasa ni duka la mitumba.

Ikabaki nyumba ya landlady wangu, Mama Nabwire. Ni mjane, ana ua mpana na maneno machache. Alinikubalia Jumamosi moja tu ya majaribio.

"Mwalimu, mkiniletea shida hapa, hiyo ndiyo mwisho," akasema. Huniita mwalimu kwa sababu ya klabu.

Hakukuwa na pengine pa kwenda. Tukikosa pale, klabu ilikuwa inavunjika, na kuna wanafunzi ambao kompyuta ya klabu ndiyo pekee wanayoigusa. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokuwa naonyesha.

Mawingu yalikuwa mazito wiki hiyo, kwa hivyo nikakodi hema na viti vya plastiki. Jamaa wa hema akaja kulisimamisha Ijumaa jioni, akaleta na spika. Akitaka kujaribu spika huwa anapiga nyimbo za injili za polepole. Ndizo alizonazo.

Wakuu wa huku mmeshaelewa.

Kwa wasio wa huku: kwetu mazishi mengi huwa Jumamosi. Hema likisimama Ijumaa jioni kwa boma la mtu, na nyimbo za polepole zinasikika, hakuna anayeuliza kuna nini. Watu huuliza tu ni nani. Mimi ni mzaliwa wa Bumala, haya nayajua tangu utotoni. Siku hiyo akili yangu yote ilikuwa kwa extension cable.

Asubuhi watu wakaanza kuingia. Wazee wamevua kofia. Akina mama wamebeba sukari, majani chai na unga. Wananishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia pole. Nilikuwa nimebeba viti tangu alfajiri, nikawaambia asante.

Nilifurahi sana, sitawaficha. Nikajua poster imefanya kazi.

Halafu wakafika watu wawili wa boda boda. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Boss, mwili unatoka mochari saa ngapi? Tuko tayari kusindikiza."

Nikaangalia hema. Limejaa mpaka nyuma. Nikaangalia mlango wa nyumba. Mama Nabwire alikuwa jikoni na alikuwa hajatoka.

Wakuu, kuna mambo hayana njia nzuri ya kuyasema. Kule kwetu kupeleka kilio kwa nyumba ambayo haijafiwa ni uchuro, ni kama kumwitia mtu kifo. Nilifikiria kushika mic niwatangazie kwamba hakuna aliyekufa, poleni kwa usumbufu. Nikaona bora programu ianze, pengine wataelewa wenyewe.

Hawakuelewa.

Wa kwanza alikuwa Amoit, mwanafunzi kutoka Amukura. Alikuwa ametengeneza kifaa kinachowekwa ndani ya friza ya samaki. Baridi ikipungua, kinamtumia mwenye friza SMS. Aliongea vizuri, na watu walimsikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa meetup yoyote. Hakuna aliyegusa simu. Mama mmoja alikuwa anafuta macho.

Kisha demo ikagoma, SMS haikuingia. Kwa kawaida demo ikigoma watu hucheka, au kuna mjuaji wa kueleza ulipokosea. Hapa hema zima lilisema "pole sana" kwa pamoja, kutoka moyoni. Amoit akasema asante, akarekebisha waya, SMS ikaingia. Mzee mmoja akasema amina.

Mzee huyohuyo akasimama. "Sisi tumechelewa kusikia, mtusamehe," akasema. "Sasa tulikuwa tunaomba familia itokee mbele, tuwajue."

Mama Nabwire akatoka jikoni.

Alikuja mpaka katikati ya hema, akaangalia sukari iliyopangwa juu ya meza, karibu na laptop. Kisha akaniangalia mimi. "Mwalimu, hawa watu wanalilia nani?"

Nikaeleza. Sikumbuki nilieleza vipi.

Akawageukia wageni. "Hapa hakuna mtu amekufa. Hawa ni watoto wa kompyuta." Hakupaza sauti. Nilianza kukunja waya, maana kwangu mambo yalikuwa yameisha.

Lakini hakuna aliyesimama kuondoka. Kwetu ukishatoka nyumbani na sukari ya matanga, hairudi nyumbani. Huwezi kuiweka kabatini kwako. Walikuwa wamekwama.

Mwishowe mama mmoja, muuza mboga wa njia panda, akasimama na pakiti yake ya sukari. "Mama Nabwire, hii siwezi rudi nayo nyumbani," akasema. "Ile siku ya mzee wako sikukupea kitu. Chukua, iwe yake."

Lazima niwaeleze hapa. Mume wa Mama Nabwire alikuwa clearing agent Malaba, na alifariki wakati wa corona. Alizikwa upesi na watu waliovaa nguo nyeupe. Matanga hayakuwepo. Hayo nilikuwa nayajua juu juu tu.

Mama Nabwire hakuipokea ile sukari. "Siku hiyo hamkukuja," akasema.

"Tulikuja," yule mama akajibu. "Tulikuwa pale kwa barabara. Polisi walikataa tuingie. Mimi nilisimama mpaka wakamaliza."

"Hata mimi nilikuwa," mzee akasema. Na mwingine nyuma yake. Na mmoja wa boda boda.

Mama Nabwire akakaa kwa kiti cha plastiki. "Sikuwaona," akasema. "Miaka hii yote nilijua mlikataa kuja."

Kisha akalia, wakuu. Akina mama wakamzunguka. Amoit akampelekea mic bila kuambiwa na mtu, na Mama akaanza kuongea habari za mzee wake, namna alivyopenda kubishana redioni na namna alivyoungua mkono akipika chapati. Watu walicheka, wakalia, wakaomba. Programu yetu haikuendelea na sikuona sababu ya kuiendeleza.

Jioni nilienda kuomba msamaha. Akaniambia nilete wale watoto Jumamosi inayofuata, na nisisahau kuwaambia waje na njaa kwa sababu ana sukari nyingi. Hadi leo tunakutana pale.

Nilichojifunza: tulikuwa tunaandika "wazi kwa wote" huku tukimaanisha watu wenye laptop. Wote walipokuja kweli, walikuja na shida yao, na ilikuwa kubwa kuliko yetu.

Wanaoendesha klabu za aina hii huko mliko, leteni visa vyenu hapa chini, na ushauri pia.

Na kama una jirani aliyezika wakati ule, nawe ukaishia kusimama barabarani, nenda umwambie ulikuwepo. Huenda hajui.