Bangili ya Mama Mkwe

Nimechimba dhahabu, nimeinunua, na kwa darasa la nne tu nina duka Geita mjini. Nilijua hakuna kitu kwenye madini cha kunishangaza.

Juzi mama mkwe wangu wa Ngokolo alinikabidhi bangili ya fedha aliyorithi kwa mama yake. Ilikuwa nyeusi, kifungo kimevunjika. Alitaka binti yake wa mwisho aivae harusini, akaniomba nitafute sonara hodari.

Nilimpata Shinyanga, akaniambia nisubiri wiki mbili. Nikacheka.

"Wiki mbili? Kazi hiyo naiweza mwenyewe!"

Sisi dhahabu chafu tunaichemsha kwenye tindikali. Uchafu unayeyuka, dhahabu inabaki inang'aa. Basi nikaitumbukiza bangili, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, nikamkuta mama mkwe dukani, ameketi na mke wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Kulwa. Bangili yangu iko wapi?"

Nikachungulia bakuli. Maji ya buluu, basi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ule uchafu tunaouyeyusha, mwingi ni fedha.

"Imo humu, mama."

"Mbona sioni kitu?"

Mke wangu akadakia, "Mtaalamu, mtilie mama kwenye chupa, bibi harusi atavaa hivyo hivyo!"

Yule sonara aliitoa fedha majini, akaongeza nyingine, akafua bangili mpya. Ngokolo nzima hakuna iliyoifikia! Pamoja na ng'ombe wa kumwomba radhi mama mkwe, imenigharimu shilingi milioni moja, laki sita na elfu arobaini.