Kazi Yako ni Kupumua

Mzee Ellsworth Peoples tulimzika Februari. Jumamosi iliyopita aliwavunja watu mbavu ukumbini Toledo, wengine wakacheka mpaka wakashika viti vya mbele yao.

Nilikuwepo. Naandika nilichokiona, chumvi sitii.

Naitwa Lavonne Pruitt, mzaliwa wa Detroit, fundi mitambo. Umeme nimeusomea chuoni, sikuokoteza. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuamua jukwaani nani asikike na nani asisikike.

Kundi alilokuwa akiimba Ellsworth ni The Livernois. Kama wazazi wako walikuwa vijana huku kwetu miaka ya sitini, walicheza nyimbo zake, na huenda wewe ni matokeo ya mojawapo.

Nami nimo kidogo. Santuri yao ya kwanza waliirekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mjomba wangu, mpiga kinanda. Dada wa kuitikia hakutokea. Nikasukumwa mbele ya maiki, binti wa miaka kumi na sita, nikaitikia "uuu" wimbo mzima. Sikuimba tena maishani.

Wale vijana wamezeeka, na siku hizi wanapukutika. Akifa mmoja, redio zinapiga nyimbo zake siku mbili, watu wanaandika "pumzika kwa amani", kisha maisha yanaendelea.

Aliyefaidika ni Lamarr Stokes.

Lamarr hakuwahi kuimba na hao wazee. Jina la kundi alilipata kwa mawakili, akaajiri vijana wenye suti za buluu na meno ya tangazo la dawa ya mswaki, akazunguka nao kwenye makasino na kumbi za wastaafu.

Tatizo lake lilikuwa moja. Kwenye majimbo mengi huku, huruhusiwi kujitangaza kwa jina la kundi la zamani kama jukwaani hayupo hata mmoja aliyeimba kwenye santuri zake.

Waimbaji wa asili walikuwa wamebaki wawili: Ellsworth Peoples, sauti ya pili, na Hosea Crump, sauti ya kwanza. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi.

Hosea alipoanza kukohoa, Lamarr alimwachisha kazi palepale kwenye maegesho ya magari, begi bado liko mkononi.

"Leseni moja inatosha," alisema.

Tangu hapo jina la Ellsworth likawa hilo. Leseni.

"Leseni kashameza dawa?"

"Mvalisheni Leseni viatu, tunaingia."

Walimkalisha kwenye kiti kirefu pembeni, suti ya buluu, maiki mbele ya mdomo. Maiki ilikuwa imezimwa. Amri ya Lamarr, mkono wangu.

Ila kuna jambo ambalo ukumbi haukulijua. Maiki ikizimwa kwa watu, fundi bado anaweza kuisikia kwenye hedifoni. Nami nilikuwa nikimsikiliza, onyesho baada ya onyesho.

Alikuwa anaimba. Kila wimbo, mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikuwa imechakaa kwenye kingo lakini kila noti ilikuwa palepale inapotakiwa. Wale vijana wa meno hawakumfikia. Nasema hivyo kama fundi aliyepima, si kwa kumwonea huruma.

Katikati ya onyesho kulikuwa na sehemu inayoitwa "Waliotangulia". Taa zinafifia, picha za marehemu zinapita ukutani moja moja, kinanda kinalia polepole, Lamarr anafuta jicho kwa kitambaa cheupe. Bibi zetu ukumbini wanalia kama mvua.

Lamarr alifuta jicho kwenye noti ile ile kila siku. Jicho la kushoto.

Mwaka jana Hosea akafa.

Lamarr alifurahi waziwazi. "Picha mpya!" alituambia chumba cha kuvalia, mdomo umejaa mkate wa soseji. "Watu wameshachoka na zile za zamani."

Ellsworth alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, taulo shingoni.

"Lamarr, mwanangu," alisema.

"Sema, mzee."

"Kwenye picha ya Hosea, niache niimbe ubeti wake. Mmoja tu. Ukishaisha, nizime mpaka nife."

Lamarr alimeza kwanza. Akainama, akamfungia mzee kifungo cha juu cha shati, taratibu, kama mtoto mwema.

"Babu, nikufundishe. Kuimba ni kazi ya hawa vijana. Kulia ni kazi yangu. Kazi yako wewe ni kupumua. Usizidishe majukumu."

Vijana wa meno wakacheka. Mzee hakuwatazama. Alinitazama mimi tu.

Sikumwahidi kitu.

Onyesho lilikuwa mchana, kasino moja kaskazini mwa Michigan, ukumbi umejaa hadi nyuma. Picha ya Hosea ikatokea ukutani, kijana mwembamba mwenye pengo, akicheka. Kinanda kikaanza. Kwenye hedifoni nikamsikia Ellsworth anavuta pumzi ili aanze ubeti.

Nikafungua maiki.

Pumzi yake ikajaa ukumbi mzima. Akashtuka, akanyamaza. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuisikia sauti yake ukumbini.

"Inasikika?" akauliza.

Watu wakacheka kwa upole.

"Kumbe inasikika. Basi nisikilizeni. Hii maiki huwa inazimwa. Miaka yote mnanipigia makofi na sauti yangu hamjaisikia. Na huyo pichani, Hosea, alifukuzwa maegeshoni kwa sababu ya kikohozi. Huyu anayefuta jicho hapa, mazishini hakuja. Muulizeni kaburi liko wapi!"

Watu wakageuka kumtazama Lamarr.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani Lamarr amepatikana.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini yeye ni bosi na mimi ni fundi. Lamarr alijitupa magotini, mikono juu, akapaza sauti: "Jamani eeh! Nani kamwamsha babu?"

Ukumbi ukalipuka.

"Sikuwa nimelala mimi, mwongo wewe!" mzee akafoka.

Wakazidi kucheka.

"Hosea alikuwa rafiki yangu!" Sauti yake ilipasuka kwenye jina. Bwana mmoja mstari wa mbele akapiga meza kwa kiganja, anataka kufa kwa kicheko.

Nikaizima ile maiki. Nilichelewa.

Nilijua nimefukuzwa. Lamarr alinifuata kwenye mitambo, jasho linamtiririka, akanikumbatia.

"Dada Lavonne, wewe ni kiboko! Sasa kila onyesho, pale pale, unamfungulia. Agombane. Watu wamempenda!"

Onyesho lililofuata nilifungua. Ellsworth akafunga mdomo. Akakaa na mikono mapajani, kimya kabisa, anawatazama watu usoni.

Baadaye Lamarr akaniuliza, "Ile ya mara ya kwanza unayo?"

Nilikuwa nayo. Kila onyesho narekodi, ni utaratibu.

"Basi cheza hiyo."

Kuanzia hapo ndivyo ilivyokuwa. Picha ya Hosea inatokea, nabonyeza, na sauti ya Ellsworth inamgombeza Lamarr mbele ya umma, huku Ellsworth mwenyewe amekaa pale midomo imefungwa. Usidhani watu walishangaa. Walicheka vizuri zaidi. Walidhani na hiyo ni sehemu ya vichekesho, babu anayeongea bila kufungua mdomo.

Kwenye hedifoni hakuimba tena. Nilisikia pumzi tu. Aliishika kazi yake sawasawa na maelekezo.

Februari aliiacha.

Kanisani Lamarr hakuonekana. Nilipokula kile chakula cha msibani, kuku na mboga za majani, niliwaza kwa utulivu mkubwa: leseni imeisha, kundi limekufa, na Lamarr atafute kazi ya kulia kwingine.

Simu ilikuja kabla sijamaliza sahani.

"Dada Lavonne, pole. Ule wimbo wa kwanza, ile sauti ya 'uuu' nyuma, si ni wewe?"

Nikaiweka sahani chini.

"Wakili anasema inatosha."

Nilikubali. Utanilaumu, lakini nilikuwa na hesabu zangu. Mimi si mzee wa kufoka. Niliandaa maneno machache, makavu, yasiyochekesha: nani alifukuzwa, wapi, nani hakumzika nani. Nikajiambia, nikikaa kile kiti nitayasema kama taarifa ya habari, tuone nani atacheka.

Kwa hiyo Jumamosi, Toledo, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu cha pembeni, gauni la buluu, maiki mbele ya mdomo.

Picha ya Hosea ikapita. Ikaja ya Ellsworth, na sauti yake juu: "Hii maiki huwa inazimwa!" Ukumbi ukaangua kicheko kwa marehemu. Lamarr akafuta jicho la kushoto.

Nikasogea kwenye maiki. Nikayasema yote, taratibu, neno kwa neno.

Hakuna aliyegeuka.

Mbali kule nyuma, kwenye mitambo, yupo fundi mpya, bwana mwenye ndevu. Hedifoni ziko masikioni. Nilimwona ananisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akanywa kahawa yake.

Jumamosi ijayo tuko Fort Wayne. Tiketi zimekwisha.

Ndiyo maana naandika hapa, ambako swichi bado ninaishika mimi. Ukimpenda mwimbaji wa zamani, mtafute angali hai, umuulize mwenyewe, uso kwa uso, mbali na maiki. Ukingoja mpaka picha yake ipite ukutani, utayasikia yale tu ambayo aliyemzima ameamua kukuchezea. Na utapiga makofi.