Firigisi Niliyompa Mdogo Mtu

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, chekeni mkitaka, mimi bado naona haya.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, tunakaa Mashimoni, na mjukuu wangu Rispa yuko chuo kikuu anasoma mambo ya nyota. Siku hiyo baba wawili wa mchumba wake (ndugu za baba yake mzazi, ambaye alishakufa) walikuwa wanatoka Kawangware kuja kumposa. Mimi nakaanga kuku, Rispa ananieleza kuna nyota zilizokufa zenye sumaku kali ajabu, zinazunguka kama pia, na wataalamu wakitaka kujua umri wake wanapima zinavyopunguza mwendo, inayozunguka polepole ndiyo nzee. "Lakini Nyanya, hapo kuna shida..." Nikamkata, "Nimeelewa, lete chumvi." (Shule niliishia darasa la pili, lakini kujifanya najua sikuachia njiani.)

Wageni wakaingia, ndugu wawili wenye vipara, wamefanana kama mapacha. Kwetu Magharibi firigisi ni ya mkubwa, hapo hakuna mchezo, na kwangu mgeni anakula kwanza, kujuana baadaye. Ningeuliza tu nani mkubwa. Sikuuliza. Mmoja alikuwa ameruka mtaro wa mlangoni kama kijana, mwingine akaja polepole na fimbo, nikasema moyoni nyota nzee ni hii, nikamwekea firigisi majirani wote wakiona, nikaongeza na sauti, "Karibu, mzee wetu mkubwa!"

Wa fimbo akacheka. "Mama, mimi ndiye kitinda mimba! Nilianguka kwenye kazi ya mjengo, mguu ukavunjika."

Mkubwa hakucheka. Akasukuma sahani. "Nyumba isiyojua mkubwa ni nani, mtoto wetu ataheshimiwa na nani hapa?" Akatoka, mdogo wake akimfuata anachechemea.

Rispa akalia mbele ya watu. "Nyanya, ndiyo shida niliyotaka kukwambia! Sumaku kali inaipunguzia mwendo haraka, nyota changa inaonekana nzee. Lazima uangalie pia mabaki yaliyoizunguka tangu ilipolipuka!"

Nikaangalia mabaki: ugali ambao hakuna aliyeugusa.

Kesho yake nilitembea mpaka Kawangware na jogoo kwapani, watu wakiniuliza kama nauza, nikaomba msamaha nimesimama mlangoni kwa yule mkubwa. Mzee alimpokea jogoo. Mimi hakunikaribisha ndani, alisema tu watarudi wakati wa mavuno ukipita.

Nilipofika nyumbani niliwaita wote, wakubwa kwa watoto, nikawaamuru: mgeni hapimwi kwa macho, anaulizwa kwa mdomo, na mpaka ajibu, mtu asifunue sufuria.