Nilikwenda na Daftari kwenye Darasa la Mpagazi

Kule Usoke, baba aliniachisha shule nikiwa darasa la pili, nikafunge tumbaku. Daftari langu lilibaki kwa mwalimu hadi leo.

Basi, juzi mjukuu wangu Mwajuma akanipigia simu kutoka Kanyenye, mjini. "Babu, nimetunga darasa la Mpagazi, kutokana na hadithi ya babu yako, mpagazi wa misafara, aliyebeba pembe za ndovu za tajiri asirudi tena nyumbani. Jumamosi uje."

Darasa! Machozi yakanitoka, mzee mzima. Nikanunua daftari, nikachonga penseli, nikavaa kanzu ya Idi.

Jumamosi nikafika kwa Mwajuma, nikakuta vijana wanne mezani wanarusha dadu.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba. Mwalimu ni nani?"

Wakatazamana. Mmoja akajiziba mdomo. Mwajuma akanishika mkono.

"Babu, huu ni mchezo. Darasa ni aina ya mtu unayekuwa humu ndani. Wewe ndiye Mpagazi."

Nikalificha daftari nyuma ya kanzu, penseli ikaanguka, ikabingirika hadi miguuni mwao. Mwajuma akaiokota, akanirudishia bila kucheka.

"Haya Babu, msafara unaondoka. Tajiri amekutwika pembe. Unafanyaje?"

"Natua mzigo, naenda kwetu."

"Utarudi lini?"

"Kwa tajiri? Sirudi."