Mama wa Bomba la Kibimba

Mama anayesimamia bomba letu hapa Kibimba ana sauti ndogo. Kambi ya jirani ilipojaa wakimbizi wa Burundi, kamati yetu na yao zilikubaliana bomba liwe la wote, na yeye akakabidhiwa. Sisi huacha madumu kwenye foleni na kwenda kulima. Yeye huyasogeza kwa mguu, yetu na yao, bila kuvuruga zamu. Kila dumu likijaa, hufuta mdomo wa bomba kwa pindo la kitenge.

Jana maji yalianza kukatika. Jirani yangu Alfonce akasukuma kando dumu la mama mmoja Mrundi.

"Dada, hawa wana malori ya maji!"

"Lori limekuja leo?" akauliza mama wa bomba.

"Halijaja."

"Basi rudisha dumu la mwenzako."

"Na mgonjwa wangu nyumbani?"

"Na wanangu hawajala tangu jana," akasema yule Mrundi.

Mama wa bomba akawagawia maji yaliyobaki nusu kwa nusu, bomba likakauka. Alfonce alinung'unika kwa Kihangaza, yule mama kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu, walielewana vizuri. Wakapanda kilima pamoja, wakimsema mama wa bomba.