Ufunguo wa Sefu ya Mzee Odero

Mzee Odero, mstaafu wa reli, ndiye apigaye bastola ya kuanzishia mbio za watoto wa Kaloleni tangu mama yangu akiwa mkimbiaji. Hutoa mlio tu, haina risasi. Hata hivyo ina leseni, na masharti ya kuihuisha hubadilika. Safari hii alitakiwa kuwa na sefu iliyokazwa kwenye jengo, ikaguliwe nyumbani kwake. Asipofaulu, bastola ingechukuliwa, na mashindano ya shule yalikuwa karibu.

Aliniita kwa kuwa nilisomea uchomeleaji chuoni. Nilitamani kujua mtu mpole kama yeye huishije na silaha, hata ya kelele. Nikaikuta chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati, imevikwa soksi ya sufu. Nikaikaza sefu sakafuni kwa bolti nene.

Afisa wa leseni alipokuja wiki iliyofuata, aliitikisa sefu, haikusogea. Akasoma makaratasi, akaridhika, kisha akaomba ifunguliwe.

Mzee akatoka mlangoni, akaita upande wa pili wa ua, "Mama Elsie, niletee ufunguo."

Jirani akaja na unga mikononi, funguo zote za Mzee zimefungwa kwenye pindo la leso yake. Kwetu anayetoka humwachia jirani ufunguo. Kwa Mzee, sefu ilikuwa mlango mwingine tu.

Afisa akamuuliza kama ana leseni ya silaha.

"Nina ya maandazi," akasema Mama Elsie.

Afisa hakucheka. Alieleza kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye silaha, akaondoka na bastola mpaka ukaguzi wa pili.

Hapo ndipo Mzee alipofadhaika. Kumnyang'anya jirani ufunguo ni kumwambia humwamini tena. Alininong'oneza kwamba afadhali aanzishe mbio kwa kupeperusha kitambaa. Jioni nilimfuata hadi kwa Mama Elsie, nione atasemaje.

"Wa mlango ni wako daima," Mzee alimwambia. "Huu mdogo serikali ndiyo inayoudai, si mimi."

Mama Elsie akafungua fundo taratibu. "Wiki nzima nilidhani natunza dhahabu. Kumbe natunza kelele."

Mzee akafaulu ukaguzi wa pili, bastola ikarudishwa. Siku ya mashindano mlio ulipotoka, sote tuliwatazama watoto. Mama Elsie peke yake alitazama shingo ya Mzee, ufunguo mdogo ulikoning'inia.