Rambirambi kwa Mtu Aliye Hai

Nakumbuka jioni moja huko Columbus, mwanangu, nilipokuwa bado na nguvu za kupakua maboksi ghalani juma zima na kuhubiri Jumapili. Katika nyumba ya kupanga pale mtaa wa Linden tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto wangu wa kumzaa, Baraka. Mama yake tulimzika katika kambi ya wakimbizi kabla ya safari ya Marekani.

Shuleni Baraka alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi na kuangushana. Yeye ndiye aliyeurusha. Kila nilipotoka kazini alinisimulia, sahani mkononi, nami natayarisha mahubiri, Biblia wazi mezani. Nilimjibu, "Ndiyo, ndiyo, ni vizuri." Nina mengi ya kumshukuru Mungu, lakini kwa hizo "ndiyo" zangu bado namwomba msamaha.

Mwaka ule alichaguliwa kupewa tuzo ya mrushaji bora wa shule za mjini. Ilikuwa na jina la mrushaji mashuhuri wa zamani, mzaliwa wa mji ule ule. Kwetu Fizi, Kongo, jina la mtu hupewa shule au kombe akishazikwa, basi nikaona wazi kwamba mzee huyo ni marehemu. Sikuuliza. Nilivaa suti nyeusi ninayovaa kwenye mazishi.

Ukumbini wazazi waliombwa waseme neno. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, kwa hiyo Baraka alisimama kando yangu kutafsiri. Niliwashukuru walimu, akatafsiri vizuri. Kisha nikageukia meza ya mbele, alipoketi mama mmoja mwenye mvi niliyedhani ni mjane wake, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Mama, pole sana kwa kufiwa. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema."

Baraka akainamisha kichwa. Nilidhani machozi yamemshika. Halafu akasema maneno machache tu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee mrefu aliyeketi karibu na yule mama akainuka, akaja kunikumbatia, akanitajia jina lake. Lilikuwa lile lile lililochongwa kwenye tuzo.

Garini nilimwuliza Baraka, "Uliwaambia nini?"

"Nilisema unamutakia mzee maisha marefu."

"Kumbe ni mzima! Mbona hukuniambia?"

"Papa, nilikuambiaka. Ni yeye anakuyaka shuleni kunifundisha kurusha, kila juma. Nilikuambiaka mara mingi." Akatazama nje dirishani. "Bon, bahati yako, pale hakuna mwenye anajua Kiswahili."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamsihi anisimulie upya, tangu mwanzo: mzee yule ni nani, walikutanaje, humfundisha nini.

"Haina shida, Papa," akasema taratibu. "Umechoka."

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimlilia Mungu kwamba niko peke yangu katika nchi ya ugeni. Kumbe mtoto wangu alikuwa peke yake jikoni kwangu, nimekaa mbele yake. Tangu siku ile nilimngojea mezani, mikono mitupu. Alikula upesi, akashukuru kwa adabu, akaenda chumbani.

Sasa anaishi Cheektowaga, karibu na Buffalo, na Jumapili hunipigia simu. Huniambia theluji imefika wapi. Simharakishi. Mara moja moja hutoka neno la moyoni, nami hukaa nalo siku nyingi nikishukuru.

Mwanangu, mtu wa nyumbani mwako akikusimulia jambo, hata kama hulielewi, mgeukie umtazame. Uliza majina ya watu anaowataja, na kesho uyakumbuke. Usijifanye unajua usichokijua kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Na kama umekwisha kukosea kama mimi, endelea kungoja kwa upole wala usimdai mtu maneno yake.

Mungu akujalie nyumba yenye sauti za watu, akulainishie moyo uwasikie wakingali wanataka kusema. Nasi tunaongojea simu, atukalie karibu. Amina.